Ijumaa Sabini za Fundi Baridi

Ijumaa, 15 Oktoba 1999

Leo nimegundua kwamba mimi ni mwanachuoni. Hakuna aliyeniambia. Nimejigundua mwenyewe.

Ilikuwa hivi. Sista Nunu, muuguzi wa Bukoba aliyepanga chumba cha uani kwetu Sib, kando ya Maskati, ana darasa kila Ijumaa alasiri huko Ruwi, nyuma ya kanisa. Wanasoma manabii. Bibi yangu Nasriya kaniamuru nimpeleke kwa pikapu baada ya sala ya Ijumaa, maana teksi za Ijumaa ni za kubahatisha. Wiki tatu nimesubiri nje nikiungua jua. Leo nimeingia. Bibi alishanambia: ukiingia kwa watu, kaa kimya usikilize, na nna hakika hutaweza.

Walikuwa watu saba, Wakristo wote ila mimi. Sista Nunu akasema karibu, mdogo wangu, humu kuuliza ni ruhusa. Kosa lake hilo.

Wako kwa nabii Danieli. Watu wamechukuliwa mateka Babeli, na Danieli anapewa habari za majuma sabini tangu itoke amri ya kujenga upya mji wao. Kisa kitamu! Lakini Sista Nunu anafundisha kwa mwendo wa kobe. Kabla hujauliza unabii unakuhusu nini wewe, anasema, uliza nani alisema, alimwambia nani, siku zipi, na hao waliosikia walifahamu nini. Maswali manne! Mimi nilishamaliza.

Nikanyanyua mkono. Nikawafahamisha kuwa juma ni neno la Kiarabu, na Kiarabu mimi nimekisoma mpaka thanawiya, yaani sekondari. (Sikusema nimeifeli mara mbili. Hawakuuliza.) Jumaa maana yake Ijumaa, mtoto yeyote wa Sib anajua. Wiki sisi tunaiita wiki. Basi hapo ni Ijumaa sabini, na mjadala umefungwa.

Sista Nunu akasema ni fikra ya kupendeza, tutaitazama. Ametazama saa badala yake. Wivu!

Lakini mtu mmoja alikuwa anaandika. Mwanafunzi wangu wa kwanza.

Jumamosi, 16 Oktoba

Mwanafunzi wangu ndiye Fundi Baridi. Mtu wa Kisumu, mrefu mpaka anainama mlangoni. Anatengeneza vyumba vya baridi katika soko la matunda na mboga la Mawaleh. Huingia kwenye barafu, hutokea kwenye joto, hurudi kwenye barafu. Ana mafua tangu 1997.

Nilimkuta sokoni amekaa juu ya kreti la nyanya. Kaniambia mkataba wake unakwisha. Jumamosi ya tarehe 6 Novemba atie sahihi mwingine wa miaka miwili, au arudishwe kwao na nafasi apewe mwenzake. Anaitaka kazi, binti yake yuko kidato cha tatu. Lakini hajamwona huyo binti miaka miwili, na sauti yake kwenye simu imekuwa ya mwanamke mzima. Hapa ndipo Babeli yangu, akasema. Akapenga kamasi. Sikujua kama ni mafua.

Akauliza: kijana yangu, hizo Ijumaa sabini zinahesabiwa kutoka wapi?

Swali zuri. Nikamwambia aniachie mimi.

Jumapili, 17 Oktoba

Nimehesabu. Kuanzia siku aliyotua Maskati, Ijumaa ya sabini ilikuwa Machi iliyopita. Nikamuuliza Machi kulitokea nini. Akasema jino lilimuuma. Haitoshi.

Nikatafuta mwanzo mwingine. Unabii unataka amri ya kujenga upya, si kutua kwa ndege! Nikamuuliza amewahi kupewa amri. Akatoa karatasi ya kampuni: ajenge upya chumba namba nne kilichoharibika. Tarehe 9 Julai 1998. Nikahesabu tena kwa kalenda ya binamu yangu Hamoud. Ijumaa ya sabini ni tarehe 5 Novemba 1999. Siku moja kabla ya sahihi!

Nywele zilinisimama. Fundi Baridi alikaa chini sokoni, kati ya vitunguu. Akasema: basi nisitie sahihi, natoka Babeli. Nikasema mimi sisemi kitu, ni hesabu inayosema. Niliisema kwa sauti nene.

Ijumaa, 22 Oktoba

Darasani Sista Nunu kasoma barua ambayo nabii Yeremia aliwapelekea mateka wa Babeli. Nilitegemea awaambie wafunge mizigo. Wapi! Kawaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto, wautakie heri mji waliomo, maana kukaa kwenyewe ni miaka sabini. Na wasiwasikilize wanaowatabiria mambo matamu.

Akasimulia kuwa zama hizo alikuwako mmoja aliyetangaza kwamba mambo yatakwisha kwa miaka miwili. Watu walimpenda sana. Yalimfika mabaya.

Alipokuwa anasema alikuwa ananitazama mimi. Kwa nini mimi? Kulikuwa na watu saba.

Nikauliza, kwa kutaka kujua tu, huyo bwana alianzia kuhesabu wapi. Darasa zima likacheka. Hata Sista Nunu. Lakini lilikuwa swali la kweli, na mpaka sasa nataka jibu.

Jumatatu, 1 Novemba

Fundi Baridi kanitaka nimwandikie barua ya kuacha kazi. Mudir wake, yaani meneja, Bwana Suud, ukoo wao umetoka Unguja na Kiswahili anakijua kuliko mimi. Lakini barua ya Kiswahili haina heshima ya ofisi. Nikaiandika kwa Kiarabu kizito. Nikatia Ijumaa sabini, nikatia amri, nikatia kurejea kwa watoto wangu, nikamaliza kwa dua ndefu. Kurasa mbili.

Hamoud, ambaye yuko chuo kikuu na hachoki kutukumbusha, kaichungulia akacheka mpaka kashika ukuta. Kasema: wallahi, Jaifar, hii si barua, hii ajali ya barabarani. Akataka kuisahihisha. Nikamnyang'anya. Wasomi hawa wanaua moyo wa maneno.

Fundi kaipeleka mwenyewe. Kasema Mudir alisoma mara mbili, akavua miwani, akasema atafikiri.

Afikiri nini? Mtu ameshaaga!

Ijumaa, 5 Novemba

Siku yenyewe.

Fundi Baridi alikuja darasani na sanduku. Viatu vipya. Vifaa vyake amewagawia wenzake, hata bisibisi. Sista Nunu akamuuliza, kaka, safari ya wapi? Akasema: Ijumaa ya sabini leo, dada. Akanionyesha mimi kwa kidole, kwa fahari, mithili ya mtu anayemwonyesha daktari wake.

Sista Nunu hakupiga kelele. Bora angepiga. Alitoa kabatini Biblia ya Kiarabu, akanifungulia mahali penyewe, akasema: mdogo wangu, Kiarabu lugha yako, tusomee.

Nikasoma. Nikatafuta jumaa. Hakuna. Nikasoma tena polepole. Palikuwa na neno usbuu, yaani wiki. Nikasema hapa wameandika usbuu. Akauliza usbuu limetokana na nini. Nikasema, hata mjinga anajua, limetokana na sabaa. Saba. Akapiga makofi! Kasema hilo ndilo alilotaka kuwaonyesha wiki tatu nzima: neno la asili lina saba ndani yake. Saba sabini. Wengi waliosoma wanaona ni saba za miaka, yaani mia nne na tisini, na bado hawakubaliani waanze kuhesabu wapi.

Kwa dakika moja nilifurahi kweli. Saba ndani ya wiki! Nimelitumia neno hilo maisha yangu yote na sijawahi kulifungua. Nilitaka kufungua mengine hapo hapo.

Halafu Fundi Baridi akauliza taratibu: hiyo ni Ijumaa ngapi, kijana yangu?

Nikapiga hesabu. Zaidi ya elfu ishirini na tano.

Fundi akakaa juu ya sanduku lake. Sista Nunu akamwambia: kaka, hata Danieli alipoisoma ile miaka sabini ya Yeremia hakufunga mzigo. Alipiga magoti akaomba. Kesho nenda ukaseme kweli tu. Kisha akanigeukia: na wewe utampeleka.

Bibi keshajua. Kasema Fundi akikosa kazi kwa ulimi wangu, funguo za pikapu naziweka mezani. Kasema: nlikwambia ukae kimya, mjukuu wangu, hukuweza hata hilo.

Jumamosi, 6 Novemba

Saa moja asubuhi tulikuwa ofisini kwa Mudir Suud. Njia nzima Fundi hakupenga hata kamasi. Mimi nilitayarisha uongo wa aina tatu, wa mwisho ulikuwa na malaria. Sikupewa nafasi. Fundi kaingia, kainama mlangoni, kasema: Bwana Suud, ile barua nilikosea hesabu, naomba kazi yangu.

Mudir akauliza kazi gani, kwani nani kaichukua? Akatoa barua yangu. Akasema ameisoma na mkewe, na mkewe karibu alie. Mtu amefanya kazi Ijumaa sabini bila kupumzika kwa sababu ya amri ya chumba namba nne, na anaomba likizo akaone watoto wake! Mbona hakusema siku zote hizo?

Kumbe pale nilipotaka kuandika naacha kazi, nimeandika naomba mapumziko. Neno kwa neno.

Fundi Baridi akatia sahihi. Miaka miwili. Na kabla ya kuanza, mwezi mmoja Kisumu, tiketi ya kampuni, ndege ya Jumanne. Alinikumbatia nje ya ofisi mpaka miguu yangu ikaacha ardhi. Kisha akaenda kuwaomba wenzake bisibisi yake.

Nataka ieleweke. Ijumaa ya sabini ilikuwa jana. Leo mtu anatoka Babeli. Nani alisema? Mimi! Nimempigia Hamoud simu kumwarifu. Kakata.

Sista Nunu kasema nishukuru Mungu, nisijisifu, na kaniapisha nisimguse tena Danieli bila yeye kuwepo. Nimeapa. Mimi mtu wa ahadi.

Nimeanza Ezekieli. Ukurasa wa kwanza tu, kuna magurudumu ndani ya magurudumu, yanakwenda pande zote nne bila kugeuka. Na mimi ni dereva. Sina haja ya kumuuliza mtu yanamhusu nani.