Gari Halijawahi Kunigusa

Jumamosi, 3 Januari

Mimi ni mtu wa bahati. Niliandike hilo kwanza, kalamu ikiwa bado na wino. Nimepanda baiskeli tangu miguu yangu haijafika kwenye pedali. Nimepita katikati ya malori kama uzi kwenye tundu la sindano. Na gari halijawahi kunigusa. Hata kioo cha pembeni! Kila mteja namweleza hivyo nikimtia kiraka. Fundi mwenye bahati, bahati yake humwagika mpaka kwenye mnyororo.

Leo Mama Chiriku ametoa hukumu. Chiriku ni binti yetu. Tulimbandika jina hilo kwa sababu huongea hata akiwa na maji mdomoni. Tarehe 12 anaanza darasa la kwanza. Shule iko ng'ambo ya barabara, mbele kabisa ya kibanda changu. Wakiimba kule, mimi huku najikuta nazungusha spana kwa mapigo yao. Ndivyo ilivyo karibu! Ila tangu barabara ipanuliwe, magari yanapita kama yanafukuzwa na nyuki. Na Mama Chiriku hufua mashuka ya hospitali, anaingia kazini kabla jua halijachomoza. Hawezi kumvusha mtoto.

Kwa hiyo, anasema, ama lijengwe tuta na kivuko, ama baba mtu amvushe mwenyewe kila asubuhi, ama mtoto ahamie kwa bibi yake, ambako shule iko upande uleule wa nyumba.

Nikamwambia asubuhi ndiyo saa ya wateja. Akanitazama. Akautazama mguu wangu wa kushoto. Akaendelea kukunja nguo.

Mguu wenyewe hauna neno. Ni mambo ya mpira, zamani. Nilikuwa winga.

Chiriku kwa bibi? Nyumba hii itanyamaza mpaka tusikie mende wakitembea. Haiwezekani. Tuta litajengwa!


Jumatatu, 5 Januari

Nimeunda kamati. Nimejichagua mwenyekiti, kwa kura zangu zote.

Katibu ni Soli, fundi viatu wa ng'ambo. Rafiki yangu mkubwa na kero yangu kubwa. Kikao tumekifanya kwa kupigiana kelele, yeye kule, mimi huku, magari yakitukata maneno. Akauliza kwa nini nisivuke tukae kama watu. Nikamjibu mwenyekiti hakiachi kiti.

Tukagombania jina. Mimi nataka Kamati ya Baiskeli na Waenda kwa Miguu. Yeye anataka miguu itangulie, eti binadamu huzaliwa na miguu, hazaliwi na pedali. Nikamuuliza je, kuna aliyezaliwa na viatu? Akacheka hadi kopo la gundi likamponyoka. Mwisho akavuka yeye, kama kawaida yake, akaketi juu ya tairi kuukuu, tukaafikiana baiskeli zianze siku za kazi na miguu ianze mwishoni mwa juma.

Mwalimu Mkuu wa shule, mgeni hapa, amepata habari zetu. Kapiga simu ofisi ya barabara. Mhandisi anakuja Ijumaa! Soli anasema simu ni ya Mwalimu. Sawa, lakini kamati ni ya nani?


Jumanne, 6 Januari

Mpango wa kwanza: chokaa. Kwa nini tungoje ofisi ituchoree mistari wakati brashi ninayo?

Tukachora alfajiri, barabara ikiwa na usingizi. Soli kaanzia kwake, mimi kwangu. Mimi nikakomea karibu na ukingo. Mgongo, unajua. Soli akachora upande wake wote na sehemu yangu yote iliyobaki, huku akininung'unikia kama shemeji aliyenyimwa chai. Kivuko kikatoka mlangoni kwangu hadi mlangoni kwake. Soli akahoji mbona hakielekei geti la shule. Nikamwambia watoto wa siku hizi wanahitaji mazoezi, na mtu anayepita mlangoni kwa fundi hukumbuka kwamba breki zake zinalia.

Magari hayakupunguza mwendo hata kidogo. Hata kwa heshima ya chokaa mbichi!

Kisha akaja bibi mmoja na kikapu chake. Akaiona mistari. Uso ukamkunjuka, akashuka barabarani kama anayeingia chumbani kwake. Gari jekundu likapita na kikapu. Kikapu tu, namshukuru Mungu. Bibi akabaki ameushika mkono wake kifuani, akiitazama mistari, haitazami barabara.

Sijaweza kula vizuri. Kabla ya chokaa yangu yule bibi alikuwa anaogopa, na woga wake ulikuwa unamlinda. Mistari yangu imemdanganya.

Jioni mvua imenyesha. Chokaa yote imekwenda mtaroni, nyeupe kama maziwa. Sijasikitika.


Alhamisi, 8 Januari

Mimi ni bingwa! Sikilizeni.

Mteja mmoja aliegemeza baiskeli yake mbovu ukingoni, usukani ukachungulia barabarani. Gari la kwanza likakanyaga breki. La pili likakwepa kwa adabu, kama linapita mbele ya mama mkwe. Nikasimama na pampu mkononi, nikawaza. Dereva anapomwona mtu, anaona kitu laini kitakachosogea chenyewe. Akiona chuma chenye kutu, anaiona rangi ya gari lake. Sisi tunaogopa kufa, yeye anaogopa mkwaruzo. Basi tusimame upande wa mkwaruzo!

Nikatoa mifupa yote ya baiskeli iliyokuwa nyuma ya kibanda. Fremu, usukani, magurudumu yasiyo na spoki. Soli akazipanga pande zote mbili. Magari yakaanza kutambaa. Watu wakavuka wakipiga soga! Mama mmoja alisimama katikati akainama kumfunga mwanawe kamba ya kiatu. Soli alimwangalia kama anaangalia harusi.

Chiriku alivuka na mama yake, akarudi, akavuka tena, akarudi, huku akimsalimia kila dereva kwa cheo cha mjomba. Soli akaniita nami nionje matunda ya kazi yangu. Nikapaza sauti kwamba lazima mtu abaki kulinda pampu.

Mama Chiriku amenitilia nyama kubwa usiku. Hajasema kitu, lakini nyama imesema.


Ijumaa, 9 Januari

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi Soli alinisihi tuondoe yale machuma mpaka mhandisi aondoke. Aione barabara ilivyo, alisema, aone tunavyokimbia kama kuku. Mwalimu Mkuu naye akamuunga mkono. Hawana akili ya kupokea wageni! Mgeni wa ofisi aje akute barabara uchi, na mwenyekiti hana cha kumwonyesha? Nikazifuta fremu kwa mafuta. Nikafunga vitambaa kwenye usukani. Nikavaa shati lenye kola.

Mhandisi akaja. Mtu mpole, viatu vyake vina vumbi, si wa kukaa ofisini tu. Akasimama kivulini akatazama. Magari yakatambaa. Watoto wakavuka wameshikana mikono. Hata lori la mchanga likasimama kabisa! Nikajiona nimeota mabawa.

Akatuita. Akasema amefurahi, barabara hii ni tulivu kuliko nyingi alizoziona, na tuta litapelekwa kwenye shida zaidi. Akaongeza kwa upole kwamba machuma yale yako kwenye eneo la barabara, gari la ofisi litakuja Jumatatu kuyaondoa.

Soli akafumba macho.

Mhandisi akageuka kwenda, kisha akasita. Akauliza kama kuna mtu aliyewahi kugongwa mahali hapa. Hata mmoja tu. Akimpata huyo akamsikia kwa masikio yake, jambo linabadilika, anaweza kulisimamia.

Mwalimu Mkuu ni mgeni, hajui. Soli akanitazama. Mama Chiriku alikuwa amefika moja kwa moja kutoka kazini, mikono ingali imekunjamana kwa maji ya sabuni. Naye akanitazama. Wateja wangu pia walikuwapo, wote wale ninaowatia viraka na hadithi.

Mdomo ukafunguka wenyewe. Nikasema mimi nakaa barabarani maisha yangu yote, na gari halijawahi kunigusa! Watu wakapiga makofi. Mhandisi akanishika mkono, akasema laiti waendesha baiskeli wote wangekuwa kama mimi. Akaondoka.

Mama Chiriku akaondoka pia, njia nyingine.

Soli alivuka akaja kuketi juu ya tairi lake. Nilitaka anitukane, hakutaka. Akanivua kiatu cha kushoto. Kila mara huniongezea soli ya pili hapo, maana mguu ule ni mfupi kuliko mwenzake. Akapaka gundi, akabana, akapuliza. Akaniuliza tu huu mpira utaendelea mpaka lini. Nikamwambia winga hastaafu.


Jumapili, 11 Januari

Begi la Chiriku liko mlangoni. Sare ya shule ya kule kwa bibi imepigwa pasi. Mjomba wake atamchukua alfajiri. Chiriku aliniuliza nani atakuwa ananihadithia mambo huku. Nikamwambia nitasikiliza redio. Akasema redio haijibu maswali.

Nikasema basi! Nitamvusha mwenyewe kila siku, na begi litafunguliwa. Mchana, barabara ikiwa karibu tupu, nikamshika mkono tukajaribu. Hata machuma bado yapo. Tukashuka ukingoni. Mbali kabisa likasikika lori. Mbali, namaanisha tungeweza kuvuka, tukarudi, tukavuka tena.

Miguu ikakataa. Yote miwili, hata ule mzima.

Chiriku akanieleza kwamba lori liko mbali. Akanieleza tena, polepole, kama mwalimu. Kisha akasema namuumiza mkono. Ndipo akanigeuza, akaniongoza kurudi kibandani, akanikalisha kwenye kiti changu cha uenyekiti, akanifuta jasho kwa kitambaa cha grisi. Akaahidi hatamwambia mtu.

Nikamwambia ni msuli umekaza. Mambo ya mpira.

Akasema sawa Baba, mpira.


Jumatatu, 12 Januari

Ameondoka bado giza. Alikuwa anaongea mpaka anakata kona, na baada ya kona bado nilimsikia.

Gari la ofisi limekuja likabeba machuma yote, na vitambaa vyake. Magari yamerudia nyuki wao. Kule ng'ambo darasa la kwanza limeimba. Leo spana imekataa kuufuata wimbo.

Lakini nina mpango! Mhandisi anataka mtu aliyegongwa. Basi apewe. Nimemteua Soli. Nimemrushia bandeji toka huku, akaifunga mguuni, tukaanza mazoezi, yeye kule, mimi huku. Anachechemea vibaya sana, kama bwana harusi anayeingia ukumbini. Nikampigia kelele kwamba nyonga ndiyo inatangulia, mguu unafuata kwa kuburutwa, na uzito haukai hapo hata sekunde, na uso usionyeshe kitu kwa sababu umeshazoea. Nikamwonyesha vizuri, mbele ya kibanda, kwenda na kurudi.

Soli akaacha kuchechemea. Akaifungua bandeji. Akaniuliza, mtaa mzima ukisikia, kwa nini tumfundishe mwenye miguu yake mizima wakati mkufunzi mwenyewe yupo. Twende naye ofisini kesho, akasema, na yeye Soli atanishika mkono kwenye kuvuka.

Nikamjibu mwenyekiti hatoi ushahidi. Mwenyekiti anasimamia. Kesho aje na bandeji safi.

Mteja aliyekuwa anasubiri tyubu yake akauliza yule fundi viatu ana maana gani. Nikacheka. Nikamwambia, huku nikipiga pampu, kwamba anamwona mtu wa bahati, maisha yote barabarani na gari halijawahi kunigusa.

Uongo. Lilinigonga. Hapa hapa mbele ya kibanda. Soli ndiye aliyeniokota, na tangu siku hiyo sijavuka barabara hii.