Vidonge vya Rangi Mbili

Jumatatu, 5 Machi 1984
Jembe limenichana mguu shambani Singe. Nilikuwa nalitazama shamba la jirani yangu Wolfgang, lilivyonawiri. Wivu huu! Zahanati tumekutana, yeye ana jipu. Sote tumepewa vidonge vya rangi mbili. Nesi Philomena kasema tuvimalize hata tukipona. Kasema huku akinitazama mimi tu. Kwa nini mimi?

Vidonge vyenyewe vimeadimika kama sabuni. Nimepata wazo! Nafungua kimoja, namwagia unga kwenye kidonda, kama alivyofanya marehemu mama. Vilivyobaki ni mali.

Jumatano, 7 Machi
Mambo safi! Bi Sabaha wa dukani ana kikohozi. Kachukua viwili, katoa sukari. Jirani mwingine, mwenye jino bovu, katoa sabuni. Mke wangu Evangelina kauliza vimetoka wapi. Nikamwambia kwa watu wema. Kidonda kinawasha. Ndiyo kupona huko.

Ijumaa, 9 Machi
Kidonda kinanuka. Mbwa wa watu wananifuata. Nimemwomba Bi Sabaha anirudishie kimoja, kumbe kamgawia shemeji yake. Wolfgang kamaliza vyake, kapona, anapalilia huku anapiga mluzi. Makusudi!

Jumatatu, 12 Machi
Homa. Wolfgang kanileta hospitali kwa mkokoteni wake wa ng'ombe. Aibu! Daktari kasema wadudu wa kidonda wameizoea dawa. Tunaionjaonja mtaa mzima, wanazidi kuwa sugu, na iko siku mchubuko tu utatuua, dawa zote zimeshindwa. Sindano hizi zisipofaa, mguu unakatwa. Nimelia mbele ya Wolfgang. Naogopa, jamani. Nimeapa: nikipona, simgawii mtu dawa tena.

Jumatano, 28 Machi
Mguu ninao! Nimerudi nyumbani na vidonge vipya, vikali. Nesi kaniagiza nivimalize, kisha nikawaonye majirani. Jioni balozi wa nyumba kumi kaitisha mkutano. Nimehubiri hasa! Dawa haigawanywi, dawa haiachwi njiani. Wamepiga makofi. Hata Wolfgang kafuta machozi.

Mkutano ulipoisha, Bi Sabaha kanivuta pembeni. Kuku wake wanakohoa. Mafuta ya taa anayo. Nimewaza sana. Niliapa kuhusu watu, kuku sikuwataja. Na mguu wenyewe hauniumi tena.

Leo taa inawaka. Evangelina kauliza mafuta yametoka wapi. Nimemwambia kwa watu wema.