Mradi wa Kichwa Kimoja

(Hotuba ya Dakta wa Heshima Mwinyijuma Tahiri, Mratibu Mkuu wa Uongozi Mmoja wa TEHAMA katika Ukanda wa Pwani, siku ya uzinduzi wa mradi wake, uwanjani Usagara, Tanga.)

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye baada ya wote tuliowaalika kupata udhuru nimekuwa mimi mwenyewe. Waheshimiwa wa meza kuu. Mashekhe, mapadri na wachungaji wetu. Maofisa tarafa, maofisa tarafa wastaafu na wale wanaotarajia kuwa maofisa tarafa. Kinamama wa Ngamiani mliotuletea nyimbo. Ndugu zetu wa Mkwaja mliokuja bila kualikwa. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na palipopungua imeundwa kamati. Assalaam aleikum. Bwana asifiwe. Wazee wangu shikamooni, ingawa kicheo hapa sina mkubwa. (Makofi ya meza kuu.)

Ndugu wananchi, kabla ya ujio wangu hali ya TEHAMA katika ofisi za ukanda huu ilikuwa ya kutia huruma. Kila idara na fundi wake, kila zahanati na kompyuta yake, mtu anaiwasha anapotaka na kuizima anapochoka. Ikiharibika, fundi wa palepale anaitengeneza palepale, bila kikao, bila dokezo, bila hata semina elekezi. Upembuzi yakinifu nilioufanya mimi, ukahakikiwa na mimi, na kupongezwa na mimi kwa barua, ulibaini kwamba asilimia tisini na nane ya kazi zilikuwa zinafanyika pasipo kiongozi kujua, na asilimia mbili zilizobaki kiongozi alijua lakini hakuombwa ruhusa. (Sauti kutoka nyuma: "Lakini si zilikuwa zinafanyika?") Nakushukuru kwa mchango wako, mzee. Umenukuliwa.

Ndipo nikaja na dira. Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Mimi nikajiuliza, je, mafundi thelathini watakaaje katika mtandao mmoja? Kwa hiyo, kwa kuzingatia mpango mkakati, na kwa kuwashirikisha wadau ambao niliwajulisha baada ya uamuzi, tukavunja vyeo vyote vya TEHAMA vya wilaya na kuviunganisha kidijitali katika kichwa kimoja, imara, chenye uzoefu, ambacho ndicho hiki mnachokiona. (Anajigusa kofia. Meza kuu inasimama. Inakaa.) Tukakusanya kompyuta zote, kuanzia za masjala hadi za zahanati, ili data zikae pamoja kama ndugu, zifahamiane. Tangu hapo, nasema kwa fahari, hakuna kosa hata moja la kimfumo lililoripotiwa, maana kosa huripotiwa kwenye mfumo, na mfumo unafunguliwa kwa nywila, na nywila ninayo mimi. (Makofi machache.)

Wapo wabezaji. Pale Mkwaja, kwa mfano, yupo muuguzi, Bi Consolata. Huyu mama alikuwa na kompyuta moja zahanati nzima, na dawa zikikaribia kwisha anabonyeza, anaagiza, dawa zinafika. Mimi siijui dawa ile, simjui mgonjwa, sijatia saini popote, na dawa imefika! Nilipoelezwa jambo hili nilikosa usingizi. Leo nina furaha kuwatangazia kwamba jambo hilo limekoma kabisa. (Mama mmoja wa Mkwaja, Bi Hasina, anasimama. Askari anamsogelea, mama haketi.)

Mwacheni mama aseme, serikali hii ni sikivu. (Bi Hasina anasema bila kupaza sauti: "Mwanangu Sabra mimba yake imetimu, naye uzazi wa kwanza alimwaga damu hata tukamkatia tamaa. Zahanati dawa ya kuzuia damu imekwisha, na Bi Consolata hana pa kuagizia. Twataka kompyuta yetu, baba, hatukuja kula pilau.")

Asante sana, mama yangu, na hongera kwa kutarajia mjukuu. Nikujibu kitaalamu. Mimba ni mchakato, na mfumo nao ni mchakato, na si busara michakato miwili kugombea muda. Bi Consolata anatakiwa kutuma maombi ya dawa kwenye mfumo. Mfumo haujaanza kazi, kwa hiyo atatakiwa kwanza kuomba mfumo uanze, na ombi hilo hupokelewa kwenye mfumo. Wakati hilo likishughulikiwa, namsihi Sabra awe mzalendo na avute subira. (Mtu mmoja wa meza kuu anapiga makofi, anatazama huku na huku, anaacha.)

Wengine mnauliza, kituo chenyewe kiko wapi? Kiko njiani. Tazameni bango hili: ghorofa saba, vioo, bustani! (Sauti: "Mbona nje pana theluji?") Picha ni ya nchi nyingine, tuliipenda. Seva haijaagizwa, kwa sababu mwenye mamlaka ya kuagiza ni mimi peke yangu, nami nilikuwa naandaa hotuba hii. Msikatishwe tamaa na mambo madogomadogo. Kichwa kimoja! (Meza kuu: "Tanga moja!") Kichwa kimoja! (Meza kuu, bila mmoja: "Tanga moja!") TEHAMA! (Hakuna aliyeambiwa cha kujibu.)

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru Bwana Nasri wa Ngamiani kwa maturubai na viti, wapishi kwa pilau, na mashekhe kwa dua. Zile kompyuta nyingine tulizokusanya zilipumzishwa stoo, na masika haya paa likavuja, tunamshukuru Mungu kwa mvua. Imenusurika moja tu. Ndiyo hii iliyo mezani kwangu, ndiyo iliyochapa hotuba hii, ndiyo inayopiga muziki huu mtamu mnaousikia, na kwa ukweli, ndugu zangu, mradi wote ndiyo hiyo. Ni ya zahanati ya Mkwaja. Bi Hasina, nawashukuru kwa dhati kwa kutuazima. Lakini wewe ni mtu wa pwani mwenzangu, mila unazijua: sahani ya jirani hairudishwi tupu. Nasi, mama, hatuna cha kutia, basi hatutairudisha.