Jinsi Lorine wa Magunga Alivyoiteka Safari ya Mzee Matiko

Sogeeni, enyi wa Migori na enyi wa Homa Bay, na wewe uliyeshika simu iweke mfukoni, kwani nasimulia vita vilivyopiganwa juzi sokoni Kegonga, wala sisimulii mara mbili. Namtaja Lorine binti wa Magunga, mbeba kishikwambi, aliyetumwa na watafiti wa usafiri kuwauliza watu jambo moja dogo: jana ulitoka wapi, ukaenda wapi, ukapanda nini?

Naona mnacheka. Haya, nendeni nyinyi mkamwulize mtu wa Kegonga alikokwenda jana.

Asubuhi ile msimamizi wake, Byron mwenye kofia ya kazi, alikuwa amenena mbele ya kikosi chote: "Lorine, tangu uanze hujaleta hata mtu mmoja aliyekubali kuhojiwa. Leo ukirudi mikono mitupu, kishikwambi nachukua, na wewe unaenda nyumbani." Nyumbani, jamani, ambako Sabato iliyopita mama yake alisimama kanisani mbele ya waumini wote akamshukuru Mungu kwa kazi ya bintiye. Angerudi na uso gani?

Basi akaingia sokoni kifua mbele. Mwendesha boda akamwuliza kama ametumwa na polisi. Mama mmoja akasema maswali kama hayo aulizwe mume wake. Mume akasema aulizwe chifu. Linet muuza nyanya, nguzo ya safu ya mboga, akatangaza, "Nunua kwanza, dada, ndiyo tuongee." Akanunua. Linet akafunga mfuko vizuri, akasema, "Mimi jana sikutoka."

Jua lilipoanza kushuka, shujaa wetu, nyanya zilizopondeka zikimchuruzikia sketini, alifika mbele ya ngome ya mwisho: Mzee Matiko, bwana wa maharagwe, ameketi juu ya gunia lake.

"Habari ya leo, mzee. Jana ulisafiri kwenda wapi?"

"Sikuenda popote," akasema Matiko, na viatu vyake vimejaa matope hadi kwenye kamba.

Hapo nguvu zikamwisha. Lorine akaketi chini, akazima kishikwambi, akalia kidogo, siwafichi. Kisha akasema, bila hila yoyote, kwa uchovu tu, "Hata sijui nitarudije kituoni kwetu Ntimaru, mzee. Nilikuja na barabara kubwa, nikarushwa mpaka meno yanauma."

Matiko akainuka juu ya gunia lake.

"Barabara kubwa? Msichana wangu, nani alikudanganya? Mimi niliyezeeka kwa hizi njia nasema mbele ya maharagwe haya: barabara kubwa ni ya wageni. Unakata pale kwa mashine ya kusaga ya Rael, unavuka daraja la miti, unatokea nyuma ya kanisa. Jana nilienda Ntimaru na boda, nikarudi na boda, kwa matope nikashuka nikasukuma, na bado nikafika chai ikiwa moto."

Lorine akapangusa macho. "Mzee, naomba niandike hayo. Jina lako haliingii. Ukikataa, nitaacha."

Matiko akamtazama, akazitazama nyanya. "Andika. Lakini usiniweke kwa barabara kubwa."

"Mzee, usipoteze mtoto wa watu," Linet akadakia kutoka safu ya mboga. "Hilo daraja limeoza. Jana mimi mwenyewe nilizungukia juu, na miguu."

"Juu kuna ng'ombe," akasema mwendesha boda. "Jana nilikwama huko na abiria."

Ndipo soko zima likaingia vitani, kila mtu akitetea njia yake ya jana, na Lorine akipita kati yao akiomba ruhusa na kuandika, akiomba na kuandika, mpaka vidole vikafa ganzi. Akamrudia Matiko na swali la mwisho: je, angekubali kuhojiwa tena siku nyingine?

"Nani amehojiwa?" akauliza Matiko. "Mimi nilikuwa nakuelekeza njia."

Hivyo ndivyo Kegonga ilivyotekwa, na vizazi vijavyo viambiwe. Lorine alirudi Ntimaru kwa njia ya Rael, matope magotini, akamwekea Byron mkononi kishikwambi kilichojaa safari za jana. Na Sabato ijayo mama yake ana haki ya kusimama tena kanisani, na asiambiwe na mtu afupishe ushuhuda.