Majani ya Kutuliza na Gari Chini ya Turubai

Mteremko hakupanda ngazi zile kwa nia mbaya. Alipanda kukwepa mvua, kwa sababu kiatu chake cha kushoto kilikuwa kimefungua mdomo na siku hiyo kilikunywa maji kuliko mwenye kiatu. Nia mbaya ilimkuta hukohuko juu, akiwa amekaa kwenye benchi.

Jina la Mteremko alipewa mtaani, kwa kuwa akikueleza jambo lolote, hata la kuhamisha mlima, ungeona ni la kuteremka tu. Jina la kwao alilijua mama yake, na mama yake alishatangulia mbele ya haki. Tangu hapo hakuna aliyemwita vingine.

Juu ya zile ngazi, palipokuwa na duka la rangi chini yake, ilikuwa ofisi ya mshauri nasaha. Sebuleni palikuwa na benchi, karani mwenye mafua, na meza yenye chupa kubwa ya chai na vikombe. Mteremko alijimiminia bila kukaribishwa. Haikuwa chai ya kawaida. Ilinukia majani, ilipita kooni taratibu, na mabega yake yakashuka yenyewe.

Akatazama. Aliingia mama mmoja uso umefungwa kama duka siku ya mapumziko. Akanywa kikombe, akaitwa ndani, na alipotoka macho yalikuwa mekundu lakini mwendo mwepesi. Akamwambia karani, "Leo nimetua mzigo." Akafuata baba mzima mwenye tai, naye vivyo hivyo: chai, ndani, machozi, ahueni. Mteremko akaitazama ile chupa kwa heshima mpya.

Mshauri alipochungulia nje, Mteremko akamdaka. Mshauri alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye tabia moja ambayo Mteremko aliiona ni ya hatari: alikuwa anajua kunyamaza.

"Daktari, haya ni majani gani?"

"Mimi si daktari. Ni mchaichai na mrehani kidogo. Yanamlegeza mtu mabega ili aweze kuanza kuzungumza. Kazi yenyewe tunaifanya mle chumbani, polepole, kwa wiki nyingi."

Mteremko alisikia mpaka kwenye mrehani. Sikio lake lilikuwa na kawaida ya kufunga duka mapema. Mdomo wake ulikuwa wazi saa zote, na mtu hawezi kuhudumia milango miwili.

Mchaichai uliota bure kando ya ua wa gereji. Mrehani ulikuwa kwenye kopo la jirani, na jirani alikuwa mzito wa usingizi. Mteremko akaanika juu ya bati, akapakia kwenye bahasha za kaki, akaazima koti jeupe la muuza nyama, akalifua mara mbili. Kisha akaenda kusimama chini ya zile ngazi, mahali ambapo watu hushuka wakiwa wametoka kulia na hawajapata wa kubishana nao.

Wa kwanza kushuka alikuwa mjane mmoja, fundi cherehani wa sare za shule.

"Pole sana, dada," alisema Mteremko.

"Asante. Umejuaje?"

"Macho hayafichi. Tena wewe hulali."

Mjane akashangaa. Sisi tusishangae. Ukimwambia mtu aliyetoka kulia kwamba halali, ni kama kumwambia samaki kwamba ameloa.

"Kweli kaka, silali. Tangu mume wangu afariki. Wiki iliyopita nimeshona suruali ya mtoto wa watu, mguu mmoja unafika kwenye kifundo, wa pili umeishia gotini. Mwalimu mkuu ameirudisha mbele ya watu. Nikirudia tena, hizo sare wanampa fundi mwingine. Na mimi watoto sina, mume sina. Cherehani ndiyo iliyobaki. Ikinitoka hiyo, nimekwisha."

Mteremko akashika kifua. "Dada, mimi ni mtaalamu wa majani. Nashirikiana na mshauri wako. Yeye analainisha maneno, mimi nalainisha moyo. Lakini kwa dawa hii lazima niione nyumba kwanza, nijue huzuni imekaa kona gani."

Huzuni, kama mtaalamu alivyogundua alipofika, ilikuwa imekaa uani, chini ya turubai kubwa la kijani. Pembe moja ilikuwa imefunuka, na hapo ikachungulia pua ya gari: gari refu, la rangi ya samawati, vioo vya nyuma vyeusi. Moyo wa Mteremko uliruka kichura. Mjanja anayetembea kwa miguu huitwa tapeli. Mjanja mwenye gari huitwa mheshimiwa. Yeye alikuwa amechoka na jina la kwanza.

"Gari la nani hili?"

"Ndilo alilokuwa anaendesha marehemu," alisema mjane, na sauti ikakatika. "Nikiliona tu mikono inatetemeka. Tena humo ndani kuna—"

"Shh!" Mteremko akainua kidole. "Usitaje! Sheria ya kwanza ya majani haya: mzigo haupoi ukitajwa. Mshauri atakwambia useme, sawa, huko ni kwake. Mbele yangu ni kimya."

Sheria hiyo aliitunga palepale, kwa sababu watu wakiachwa waeleze shida zao huishia kuzielewa, na biashara hufa.

Chini ya turubai kitu kikapiga chafya.

"Paka," alisema Mteremko.

"Si paka, kaka, ni—"

"Dada! Tumesemaje?"

Mjane akafunga mdomo. Akapewa bahasha, akaelekezwa kunywa jioni bila kunena. Aliporudi kumwona baada ya siku kadhaa, Mteremko alikuta uso umejaajaa kidogo.

"Nimepata usingizi," alisema mjane. "Nusu nimempa mama mkwe, naye analala mpaka anakoroma."

"Vizuri sana. Na mama mkwe apumzike," alisema Mteremko, wala hakuuliza mama mkwe analala wapi. "Sasa sikiliza. Majani yamefanya kazi yake ndani ya mwili. Kilichobaki ni nje. Lile gari limebeba huzuni yote ya nyumba. Lazima nilipeleke kwenye shamba langu la majani, nilifukize, lipumzike."

"Lipumzike mpaka lini?"

"Huzuni haina kalenda, dada."

Mjane akaomba afikirie. Alifikiria kwa njia aliyofundishwa: akapanda ngazi, akakaa kwenye kiti, akamweleza mshauri kila kitu. Mshauri akamwambia wazi kwamba hashirikiani na mtu yeyote mwenye koti jeupe, na kwamba katika kazi yake yote hajawahi kuona jani linalohitaji gari. Kisha akauliza swali moja.

"Ukifikiria gari limetoka pale uani, unasikia nini?"

Mjane akafumba macho. "Nasikia cherehani," alisema, akaanza kulia, kilio cha ahueni.

"Na mama je?"

"Mama anasema yeye hashuki. Lilipo gari, yupo."

Mshauri akakuna kidevu. "Basi huyo mtu mwambie ukweli wote kabla hajaligusa."

"Nimejaribu mara mbili. Hanipi nafasi."

"Jaribu ya tatu. Akikataa kusikia, si wewe uliyemficha."

Siku ya kuchukua gari Mteremko alikuja na kishada cha majani mabichi na sherehe nzima kichwani. Jirani alikuwa anaanika nguo, akasimama kutazama, na hadhira ilimpandisha mori. Akatangaza kwamba huzuni ni kitu cha hila: anayeichukua hageuki nyuma hata mara moja mpaka afike barabara kuu, la sivyo inarudi nyumbani na wadogo zake. Akavuta turubai kando, akaingiza mkono dirishani, akakifunga kile kishada kwenye kioo cha ndani cha dereva, kikaziba kioo chote.

"Kaka," alisema mjane, "kabla hujaondoka lazima nikwambie. Kiti cha nyuma—"

"Dada, sitaki kujua!"

"Ni jambo kubwa."

"Ndiyo maana sitaki kujua! Kubwa au dogo, mimi nalibeba."

Mjane akamtazama jirani, jirani akamtazama mjane. "Kwa hiyo unalichukua gari na vyote vilivyomo?"

"Na vyote vilivyomo!" alisema Mteremko kwa sauti ya bwana harusi.

"Mbele ya jirani yangu huyu?"

"Mbele ya jirani na mbele ya Mungu!"

Akapewa ufunguo. Gari lililokaa miezi chini ya turubai likawaka kwa jaribio la kwanza, kama lililoendeshwa jana. Wahenga walisema vyaelea vimeundwa. Mtu mwingine angejiuliza nani alikuwa anaichaji ile betri. Mteremko alijiuliza tu aanze kupita mtaa gani, maana walikuwepo waliowahi kukicheka kile kiatu, na alitaka wamwone wote kabla hajaliuza.

Akaendesha kiwiko kikiwa nje ya dirisha. Nyuma ya kiti kulikuwa na mngurumo mzito, wa taratibu, unaopanda na kushuka. Akasifu injini.

"Punguza," injini ikasema. "Hapo mbele pana shimo."

Gari likatumbukia shimoni, likatoka, na Mteremko akakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Aligeuka. Kwenye kiti cha nyuma, katikati ya mito miwili, blanketi na redio ndogo, alikuwa amejinyoosha bibi kizee mwenye miwani minene, akipiga miayo.

"We-wewe ni nani?"

"Kwanza salamu."

"Shikamoo."

"Marahaba. Mimi ndiye mwenye gari."

"Si... si la marehemu?"

"Marehemu alikuwa mwanangu na dereva wangu. Kadi ina jina langu. Kila alasiri akitoka kazini alikuwa ananizungusha mji, yeye mbele mimi nyuma, tunasengenya watu mpaka jua linazama. Alipokufa nikasema sishuki humu mpaka nipate wa kunizungusha. Mkwe wangu hajui kuendesha, na akinisikia nakohoa humu ndani analia, mimi nikimsikia analia nalia. Tumeishi hivyo." Bibi akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya khanga. "Nilikaa humu kwa sababu ya harufu yake. Juzi nikanusa, nikakuta imekwisha, imebaki ya mpira tu. Nililia siku hiyo mpaka nikapungukiwa pumzi. Ndipo yakaja majani yako. Hayajaniponya, usijidanganye, lakini nililala."

Mteremko akauonyesha mlango kwa kidole. Akajikaza. "Bibi, mimi naomba ushuke."

"Nishuke wapi? Kwenye gari langu?"

Filimbi ikalia. Katikati ya mzunguko wa barabara, askari wa trafiki, mrefu, glavu nyeupe, alikuwa amelinyooshea mkono gari la samawati lililoziba njia. Akaja kwa hatua ndefu, akainama dirishani, na uso wake wote ukabadilika.

"Mama! Shikamoo! Umetoka nje?"

"Marahaba, kitinda mimba wangu. Nimetoka."

Macho ya askari yalilowa, akajifanya ni vumbi. "Kila Jumapili nakuja kuchaji betri nakubembeleza, unagoma. Leo nani amekutoa?" Kisha akamtazama Mteremko, koti jeupe, kishada kiooni, kiatu kilichoachama. "Na huyu ni nani?"

Jasho likamtiririka Mteremko mgongoni. Neno moja tu la yule bibi na jela ilikuwa yake, na alijua kwamba hakuna mtu duniani ambaye angekuja kumtazama huko. Bibi hakuharakisha. Alimwangalia kisogo, akamwangalia sikio, akakunja blanketi lake vizuri.

"Dereva," alisema mwishowe. "Amejitolea."

"Amejitolea? Kwa hiari yake?"

"Muulize mwenyewe."

"Kwa hiari yangu, afande," alisema Mteremko.

"Kila alasiri," alisema bibi.

"Kila alasiri, afande."

"Mbele ya Mungu. Alishaapa mwenyewe, jirani yupo."

Askari akaikodolea ile sura kama anayeitia mfukoni. "Basi ahsante sana, ndugu yangu. Mimi niko hapa mzungukoni kila siku. Nitakuwa nakuona."

Akasimamisha magari pande zote ili mama yake apite. Walipokwisha kupita, Mteremko akasafisha koo. "Mama, kwa kweli mimi nina shughuli zangu nyingine ambazo—"

"Shh," alisema bibi kutoka nyuma. "Usitaje. Mzigo haupoi ukitajwa. Kata kulia hapo, kuna mwanamke ana kibanda cha nguo, nikueleze alivyomfanyia dada yake."

Ndivyo ilivyo hadi leo. Jioni gari linarudi uani, bibi anashuka kula na mkwe wake mezani, na ufunguo unalala ndani ya sidiria yake, mahali ambapo hata mwizi ana haya. Mjane anashona tena. Bado analia siku nyingine, bado anapanda zile ngazi, lakini suruali zake zina miguu miwili yenye urefu mmoja, na mwalimu mkuu ameongeza kazi.

Mteremko angeweza kutoroka. Mji una njia nyingi, na askari ni mmoja. Amejaribu mara moja, akafika stendi, akarudi. Aliwaambia watu kwamba anaogopa kukamatwa. Ukweli ni kwamba kila jioni bibi humfungia chakula kwenye bakuli na kumwambia, "Nenda salama, mwanangu," na neno hilo lilikuwa halijamfikia kwa miaka mingi. Aliona aibu jinsi alivyolisubiri.

Alasiri moja alipanda ngazi za duka la rangi, safari hii bila mvua. Alijimiminia kikombe, akangoja zamu kama watu wengine, akaingia, akakaa.

"Mshauri," alisema, "naendesha gari kwa saa nne kila siku na sijapata nafasi ya kusema hata neno moja."

"Nakusikiliza," alisema mshauri, akanyamaza.

Mteremko akavuta pumzi. Alitaka kuanza na bibi, lakini aliyemjia kinywani alikuwa mama yake mwenyewe, na machozi yakamtoka. Chini barabarani honi ikalia mara tatu, ndefu, za mtu asiyependa kungojeshwa.

Akamalizia chai, akafuta macho kwa mkono wa koti la muuza nyama, akainuka.

"Nakuja, mama!" aliita dirishani, na mshauri akamwandikia miadi ya wiki ijayo.