Jicho la Kushoto Halitaki Kufungwa

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Jumamosi kanisa letu hapa Lanet lina siku ya familia. Kutakuwa na mashindano ya kulenga shabaha. Bunduki ni za upepo, anazileta Mzee Naftaly, mwanajeshi mstaafu. Mchungaji ameahidi kuziombea kwanza. Zawadi ni kondoo dume. Nimejiandikisha. Sijawahi kushika bunduki, lakini Weldon amejiandikisha, na hilo linatosha.

Weldon anauza viatu mkabala na kibanda changu cha kutengeneza simu. Ana mabega. Tena anamzungukia Chepkemei wa duka la miwani, ambaye mimi nimekuwa nikimzungukia tangu Machi bila yeye kugundua. Mpango: nishinde kondoo, nimpeleke kwa mamake Chepkemei kule Njoro. Mwanamume akifika na kondoo haulizwi maswali mengi.

Jumanne, 12 Agosti

Tatizo. Kwenye sinema mtu akilenga hufunga jicho la kushoto. Langu halifungi. Nikilifunga, la kulia linafuata, kama wameoana. Nimefanya mazoezi kibandani siku nzima. Mathe mmoja, mama wa makamo, aliyeleta simu ibadilishwe kioo aliniuliza mbona namkonyeza. Nikamweleza ni mambo ya kanisa. Akaondoka na simu yake. Weldon aliona yote kutoka kwake, akanikonyeza. Jicho moja, safi kabisa. Mtu mbaya.

Jumatano, 13 Agosti

Habari njema. Saa kumi Mzee Naftaly alituita washindani uwanjani. Akasema walengaji wa kweli hawafungi jicho. Macho yote wazi, uso umelegea, unatazama ncha ya bunduki. Nilitaka kumkumbatia. Nikawaambia wenzangu hiyo ndiyo mbinu yangu ya siku zote.

Halafu nikajaribu, nikaona karatasi mbili za shabaha. Iko moja tu. Mzee akasema ni kawaida, nijue tu ni jicho gani linaloongoza lingine. Nikasema yangu yanashauriana. Akamwita mshindani mwingine.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimeenda duka la miwani kwa sababu za kiafya. Chepkemei aliniambia nitengeneze tundu dogo kwa viganja, niitazame saa ya ukutani kupitia hapo. Akaziba jicho langu la kushoto kwa kadi. Saa ikapotea. Akaziba la kulia. Saa ikarudi. Basi la kushoto ndilo linaloongoza. Dawa ni rahisi, akasema: bunduki iende bega la kushoto, macho yote wazi, piga. Mikono yake inanukia sabuni ya ndimu.

Sitafanya hivyo. Weldon ni wa mkono wa kushoto. Watu watasema nimemwiga.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika nikiwa nimejifungia.

Tulilenga wawili wawili. Mimi nikapangwa na Weldon, karatasi zetu zikiwa bega kwa bega kwenye marobota ya nyasi. Chepkemei alisimama mstari wa mbele na mwavuli. Nikaweka bunduki bega la kulia, nikafungua macho yote, na nikaona karatasi nne. Nikatulia. Nikachagua ile iliyonipendeza. Risasi tano. Kila moja niliisikia ikiingia mahali pake. Sijawahi kufanya kitu vizuri hivyo maishani.

Mzee Naftaly akaleta karatasi. Yangu ilikuwa safi, unaweza kuandikia barua. Ya Weldon ilikuwa na matundu kumi: matano yametawanyika ukingoni, matano yamebanana katikati kabisa.

Nikasema kwa sauti kwamba yale ya katikati ni yangu. Mzee akaniuliza, mbele ya kanisa zima, kama nakiri kupiga karatasi ya mwenzangu. Nikasema hapana. Basi ni ya nani, akauliza. Nikasema labda upepo. Akahesabu matundu matano bora kwenye karatasi ya Weldon na kumkabidhi kondoo. Weldon alinishika mkono na kunishukuru. Nadhani alimaanisha, na hilo ndilo linaniuma.

Jumapili, 17 Agosti

Baada ya ibada Chepkemei alinifuata mpaka nyuma ya hema la kanisa.

“Gathogo, zile za katikati zilikuwa zako, si ndio?”

Nikakubali, kwa sauti ya chini. Alicheka mpaka akashika nguzo ya hema. Kisha akafuta machozi, akasema mtu anayeweka risasi tano mahali padogo vile si bure, shida ni bega tu.

“Kuja dukani Jumatano, saa saba. Nitakuwa nimepika. Nitakuonyesha vile utashika.”

Nikasema nitaangalia ratiba yangu. Nilimwona akingoja niseme kitu kingine.

Jumatano, 20 Agosti

Siku ya kazi kubwa. Nimemwandikia mchungaji malalamiko, kurasa tatu na mchoro, nikidai mashindano yarudiwe na karatasi zitenganishwe. Mchungaji hupatikana saa saba tu, kwa hiyo mambo mengine yalisubiri. Alisoma ukurasa wa kwanza, akasema ataniombea. Naona anaelekea kukubali.

Nilirudi kibandani saa tisa. Weldon akaja akichokonoa meno. Akasema Chepkemei alinisubiri karibu saa nzima, halafu akamwita yeye Weldon chakula kisiharibike. Kuku wa kienyeji na chapati nne. Alinisikitikia kabisa, akaniuliza kama mimi ni mgonjwa.

Nikacheka moyoni. Chapati nne! Mtu akila hivyo mwaka mzima ataota kitambi, na mwenye kitambi hawezi kutulia na bunduki. Nimemwambia asione haya. Nimemshauri aende tena kesho.