Ziwa Ndani ya Kabati la Kioo

Jumatatu, 4 Machi 2019. Kirolirwe.
Adelaïde, mwalimu wa darasa la tatu, amekuja kuchajisha simu kibandani kwangu. Anasema anatamani sana ziwa la kwao Bweremana. Hapa ni ng'ombe na ukungu tu. Basi nitamletea ziwa. Kabati la kioo la kuuzia mandazi nimeliziba kwa silikoni. Mandazi sasa yako kwenye beseni.

Jumatano, 6 Machi.
Nimerudi kutoka Bweremana na samaki sita wadogo ndani ya bidoni, dumu la plastiki, pamoja na majani ya ziwani. Nyumbani nimejazia maji ya mvua. Papa Esdras, mwalimu wa kemia, amenipa vikaratasi vya kupimia maji. Maji ya ziwa yanageuza karatasi bluu, ya mvua njano. Ameniagiza nitie majivu kijiko kimoja kwa siku, nipime, ningoje. Kungoja! Adelaïde atapita Ijumaa. Nimetia vinne.

Alhamisi, 7 Machi.
Bluu kali kuliko ya ziwa. Samaki wamebaki watano, wanahema juu juu. Majani nayo yamepauka. Njaa, bila shaka. Ndagijimana, mwenye ng'ombe na pikipiki, amenipa samadi ndoo nzima, akicheka. Huyu humpelekea Adelaïde fromaji, jibini ya ng'ombe wake, kila wiki. Nimetia kikombe kimoja. Kikubwa.

Ijumaa, 8 Machi.
Maji kijani kama sombe, kama majani ya muhogo yaliyotwangwa. Samaki wawili. Papa Esdras amevua miwani, akaeleza kwamba samadi kwenye maji yenye majivu mengi inageuka sumu. Nibadilishe theluthi ya maji, halafu nisiguse kitu.
Adelaïde amepita akitoka kwenye gwaride la siku ya wanawake, amejifunga kikwembe kipya cha maua. Amechuchumaa mbele ya kioo. Nilidhani atacheka. Ameweka kidole, samaki mmoja akakifuata.
“Floribert, ungeniuliza tu,” akasema. “Kesho kutwa naenda kwetu. Twende wote, uone ziwa lenyewe.”
Pumzi ilinipotea kama wale samaki.

Jumamosi, 9 Machi.
Nimebadilisha theluthi. Sikugusa kitu hadi saa nne asubuhi. Shati nimelipiga pasi mara mbili.

Jumapili, 10 Machi.
Karatasi ya leo: kijani. Kasoro ndogo tu kufikia bluu ya ziwa. Adelaïde amefika na mfuko wake, amejitanda shali ya njano. Nimemwambia atangulie, maji hayajakaa sawa, nikiyaacha leo yataharibika. Ametundika mfuko begani, akaniambia nibaki salama. Ndagijimana alikuwa anateremka Sake, njia ya Bweremana. Amempakia.
Nimeifuata ile shali kwa macho mpaka kwenye kona, na baada ya kona pia. Sijawahi kutamani kitu kama kukaa nyuma ya ile pikipiki.
Lakini nimeingia ndani, nimekunja mikono ya shati. Acha aende mara hii. Akirudi atakuta ziwa tayari hapa, na hatakuwa na sababu ya kwenda tena.